Mwenye Nyumba Yuko Getini

Kitendawili! Tega sikio, simu weka chini kwanza. Nyumba ni yangu, ufunguo ni wangu, mabati yake nilipigilia misumari kwa mkono wangu. Lakini mtoto wa jirani akiingia, mimi natoka. Mimi ni nani?

Umeshindwa. Haya, nipe mji. Nairobi sitaki, kila mtu hupewa Nairobi. Nipe Eldoret. Asante. Nilienda Eldoret, nikanywa maziwa ya mursik, nikajifunika blanketi mbili, nikaamka bado natetemeka. Jibu ni Mzee Javan wa mtaa wa Kimumu, siku ya Jumamosi.

Na haikuwa hivyo tangu zamani. Kwa miaka sita Mzee Javan alikuwa akikaa Jumamosi kwenye kiti chake cha mbao, redio karibu na sikio, huku watoto ishirini na zaidi wakinywa uji kuzunguka miguu yake. Walikuwa watoto wa chama kinachoitwa Chipukizi. Asubuhi walikimbia kwenye uwanja wa kanisa, wakafanya homework, kisha saa sita wakaja kwa Mzee. Kanisa lina uwanja lakini halina jiko. Mke wa Mzee, Benta, ana jiko na ana mkono wa uji. Benta hakulipwa. Kocha Mulongo, aliyekuwa akiwakimbiza watoto, hakulipwa pia. Hao ndio waliitwa wa kujitolea. Wa kulipwa walikaa ofisini huko town, na Kimumu walionekana mara moja kwa mwaka, siku ya kupiga picha.

Halafu ofisi ikamwandika Jeruto kazi.

Jeruto alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, sweta nyeusi, kitambulisho shingoni, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuhakikisha watoto wa chama wako salama. Huyu hakuja kupiga picha. Alikuja kila Jumamosi na faili. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akamwona Mzee Javan katikati ya watoto, akamwangalia vile watu humwangalia kuku aliyeingia kanisani.

"Mama Eliakim," akamwambia Benta, akitumia jina la kifungua mimba wake, kama heshima inavyotaka, "huyu ni nani?"

"Huyu? Huyu ni mzee wangu."

"Amejaza fomu?"

"Fomu ya nini?"

"Ya kukaa na watoto."

Mzee Javan akazima redio. "Msichana wangu, mimi sijaenda kukaa na watoto. Watoto ndio wamekuja kukaa na mimi."

"Nisamehe, Mzee. Si wewe. Ni kila mtu mzima. Mama hapa ameshajaza, kocha amejaza, mimi mwenyewe nilijaza kabla nipewe hii kazi. Unajaza fomu, unaenda kuweka alama za vidole kwa polisi, unaletewa cheti cha tabia njema. Mpaka hapo, hukai na watoto ndani."

"Hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yako, Mzee."

"Na mimi nitaenda wapi?"

Jeruto akaona haya kidogo. Akaangalia nje. Nje kulikuwa na kuku watatu, matope, na geti.

Aliyebeba kiti kukipeleka getini alikuwa Benta mwenyewe. Hilo ndilo lililomuuma Mzee kuliko fomu.

*

Jumamosi ya pili alivaa koti refu na kofia ya sufu, akaketi getini kama mtu aliyejipeleka mwenyewe. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha Purity, muuza sukuma, mwanamke ambaye Mungu alimpa sauti kubwa akasahau kumpa kifuniko chake.

"Mzee Javan! Leo tena umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Nimetoka kupata hewa."

"Hewa gani na hii baridi! Nasikia ni vidole umekataa kuweka. Kwani hizo vidole zilifanya nini?"

"Vidole vyangu vimefanya kazi kiwanda cha nguo miaka thelathini na miwili."

"Basi zipeleke polisi zisalimiane!"

Watu waliokuwa wakichagua nyanya wakacheka, na mmoja akaangusha nyanya yake matopeni kwa kucheka. Mzee Javan akaangalia upande wa Iten, kana kwamba anatarajia mgeni wa maana kutoka huko.

Mgeni akaja, lakini si wa maana. Alikuwa kijana wa pikipiki na gunia la unga wa chama.

"Soja, mwenye nyumba yuko?"

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Sawa, soja. Niitie yeye tu, niko na haraka."

Mzee Javan, aliyegeuzwa mlinzi wa geti lake mwenyewe, akavuta kofia ya sufu mpaka machoni. Benta alitoka mwenyewe, mikono na unga, akapokea gunia, akaweka sahihi pale palipoandikwa mwenye nyumba. Kijana akageuza pikipiki. "Asante, Mama," akasema. Halafu kwa Mzee: "Kazi njema, soja."

Sasa, mtu aliyedharauliwa lazima atafute shughuli, la sivyo atazeeka mara mbili. Mfuko wa kushoto wa koti la Mzee ulikuwa na mahindi ya kuku. Akaanza mchezo. Mtoto akiingia getini, punje moja inahama mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Mtoto akitoka, punje inarudi kushoto. Watoto wote wakienda nyumbani, mfuko wa kulia unabaki mtupu. Usifikiri alifanya hivyo kwa upendo. Alitaka siku moja amkamate yule msichana wa ofisi na kosa, amwonyeshe mbele ya watu kwamba kitambulisho shingoni si macho.

Jumamosi ya pili mfuko ulibaki mtupu. Jumamosi ya tatu pia. Mzee alisikitika.

*

Jumapili baada ya kanisa Benta aliweka ugali mezani, akaweka mboga, akaweka fomu katikati.

"Baba Eliakim, jaza hii kitu."

"Sina miwani."

"Iko kichwani."

Mzee akashusha miwani, akachukua kalamu. Jina akaandika. Umri akaandika. Kazi, akaandika mstaafu, kwa herufi kubwa. Akaenda hivyo vizuri mpaka swali la tisa. Hapo kalamu ikasimama. Swali la tisa liliuliza: Je, umewahi kukamatwa na polisi? Kama ndiyo, eleza.

Akaikunja fomu mara nne mpaka ikawa ndogo kama kibiriti.

"Vidole ni vya wezi," akasema.

"Mchungaji ameweka vidole."

"Mchungaji anajua dhambi zake."

"Baba Eliakim, msichana amesema mwisho ni Jumamosi hii. Usipojaza, uji unahamishwa kwa Mama Dennis."

"Mama Dennis ni jirani mzuri."

"Mama Dennis hapiki uji! Mama Dennis anapika gundi!" Benta akasukuma sahani yake kando. "Sikiza. Watoto wetu wanne wameenda. Eliakim akinipigia simu ni Krismasi. Siku sita hii nyumba inakohoa tu na wewe. Siku ya saba inacheka. Unataka hiyo siku moja iende kwa Mama Dennis, kwa sababu umeogopa wino?"

Mzee Javan akatafuna ugali. Angeweza kusema mengi, lakini yote yalikuwa nyuma ya jambo moja, na hilo moja hakuwa amelisema tangu alipokuwa na nywele nyeusi.

Benta alipoona hajibiwi akakasirika, na kila Benta alipokasirika alirudi kwa kuku. Ilikuwa hivi. Zamani, kabla ya ndoa, Javan alitakiwa kufika kwa kina Benta Jumamosi, na kuku sita wa mama mkwe. Wazee walikaa, chakula kikapoa, watu wakacheka chini kwa chini. Javan alifika Jumatatu, macho mekundu, baiskeli mkononi, bila hata unyoya. Akasema daraja lilikatika, mto ukabeba kuku.

"Mto ulibeba kuku sita," Benta akasema, akikusanya sahani kwa kelele, "na baiskeli ikabaki. Miaka arobaini na saba nakuuliza. Ni mto gani huo unachagua?"

"Mto ni mto," Mzee akajibu. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake miaka yote arobaini na saba, na halikuwahi kumshibisha mtu.

*

Katikati ya wiki Jeruto aliwaita wa kujitolea kanisani kuwafundisha. Walikuja saba, wakaketi nyuma kabisa kama watu waliochelewa ibada.

"Mtu mzima hakai na mtoto peke yao," Jeruto akasema. "Muwe watu wazima wawili. Ikishindikana, mlango uwe wazi, na mahali watu wanawaona."

Kocha Mulongo akainua mkono. Alikuwa mtu mrefu, mkimbiaji wa zamani, na goti lake lilijua mvua kabla ya redio. "Sasa tukikimbia, mtoto mmoja anakuwa na spidi, ananifuata, wale wengine wamebaki nyuma huko Chepkoilel. Tumekuwa wawili. Nisimame?"

"Usisimame, kocha. Kimbilia barabara kubwa."

"Huko watanigonga na lori."

"Basi punguza spidi!"

"Madam, spidi imenipunguza yenyewe."

Wakacheka, hata Jeruto. Lakini Benta hakucheka. Alisimama, akarekebisha leso.

"Mwanangu, mimi nimelea watoto kumi na mmoja. Wanne wangu, saba wa watu. Niliwaogesha peke yangu, nikawalaza peke yangu. Mtoto akiwa na shida mimi namjua kwa vile anashika kikombe. Leo unaniambia mlango uwe wazi. Unanishuku?"

"Hapana, Mama."

"Sisi tunalipwa uji. Nyinyi wa mshahara mnatuletea makaratasi."

Jeruto hakukasirika. Akafunga faili. "Mama, sijui kumjua mtoto kwa kikombe. Hiyo hawakutufundisha chuoni. Wewe najua ni mwema. Lakini sheria ikiwa ya wabaya peke yao, nitawajuaje? Basi tugawane. Ukiona kikombe kimeshikwa vibaya, niambie siku hiyo hiyo, usingoje. Karatasi niachieni mimi."

"Hiyo sawa," Benta akasema, akakaa.

Wakagawana hapo hapo. Uji wa Benta. Mbio za Mulongo. Rejista ya Jeruto. Wakagawana funguo, wakagawana nani aite mzazi, nani apeleke mtoto hospitali. Kitu kimoja tu hakikutajwa: saa ya kwenda nyumbani, ni nani anayeangalia nyuso? Mulongo alijua ni Jeruto, kwa sababu rejista ni yake. Jeruto alijua ni Mulongo, kwa sababu watoto ni wake. Mbuzi akiwa wa wawili namna hiyo, hulala nje.

*

Jumamosi ya mwisho ilianza na jua la uongo. Saa saba mawingu yakashuka upande wa Iten, meusi kama chini ya sufuria, na goti la Mulongo likaanza kupiga kelele.

"Haya, haya! Watoto nyumbani! Hii si mvua, hii ni kesi!"

Ikawa mbio. Watoto wakavaa makoti, wakavuta kofia za makoti mpaka puani. Odera, kijana wa boda ambaye kila Jumamosi alichukua watoto watatu wa Mama Joyline, akafika akipiga honi.

"Watatu wa Mama Joyline!" Mulongo akaita.

Odera akaangalia nyuma yake, akahesabu vichwa vitatu vilivyofunikwa, akasema "Tuko full," akaondoka. Jeruto, aliyekuwa mlangoni akishikilia karatasi zisipeperuke, akatia alama tatu.

"Na wa kutembea?"

"Wote wameenda, madam!"

Akatia alama zilizobaki. Ishirini na tatu, safi. Halafu yeye, Benta na Mulongo wakabeba sufuria kubwa na karai la vikombe, vyote mali ya kanisa, wakakimbia kuvirudisha stoo kabla mvua haijawakuta.

Mzee Javan akabaki peke yake getini. Akanyoosha mgongo. Kwa saa chache zilizobaki, kabla ya fomu kuulizwa, nyumba ilikuwa yake tena. Akawaita kuku awape mahindi, lakini kwanza akapima mfuko wa kulia kama ni mtupu, na mkono ukagusa punje.

Moja.

Akaitoa, akaiangalia. Akatafuta pembe zote za mfuko. Ilikuwa moja tu, na haikutakiwa kuwa hata moja. Nimekosea, akajiambia. Nilikuwa nikimjibu Purity. Akainua mkono amrushie kuku ile punje. Lakini huyu alikuwa mtu wa kiwanda. Kwa miaka thelathini na miwili alihesabu mizunguko ya uzi, na hakuwahi kurudishiwa kazi. Mkono ukashuka.

Akaenda mpaka mlangoni, akasukuma. Nyuma ya kochi, chini ya blanketi lake mwenyewe, alikuwa amelala Joyline, mtoto wa miaka sita, na mdomo una masharubu ya uji.

Ngurumo ikapiga. Joyline akaamka, akaona nyumba tupu, akaanza kulia.

Mzee Javan akaingiza mguu mmoja. Huo mguu ulikuwa umeingia kwenye nyumba hiyo mara elfu ngapi, hata Mungu amechoka kuhesabu. Lakini leo ulisimama kwenye saruji kama wa mgeni. Ndani mtoto mmoja. Nje hakuna mtu. Yeye fomu haijajazwa. Akamkumbuka Purity na maneno yake ya vidole. Akafikiri pia, huyu mtoto atajuaje kama mzee anayemjia ni mzee mzuri? Kwa sura? Sura yake hata kuku huikimbia.

Akaurudisha mguu. Akafungua mlango wazi kabisa, mpaka ukagonga ukuta.

"Purity!" akapiga kelele. "Wewe Purity! Njoo uwe mtu wa pili!"

Wakati huo huo mawe yakaanza kuanguka. Wewe unayejua mvua ya mawe ya Eldoret huhitaji kuelezwa: juu ya mabati hata baragumu la mwisho halingesikika. Purity alikuwa ameshusha nailoni ya kibanda, yuko ndani na sukuma zake. Siku zote sauti yake ilivuka barabara. Siku ya kuhitajika sikio lake halikuvuka.

Mzee akatoa simu, akampigia Benta. Simu ya Benta ikalia ndani, juu ya kabati. Namba ya Jeruto hakuwa nayo. Alipewa mara mbili, akakataa kuiandika.

"Joyline! Usilie. Kaa hapo hapo kwa kochi. Unaniona?"

"Naona. Mbona huingii? Unanyeshewa."

"Sina cheti."

"Cheti ni nini?"

"Ni karatasi ya kuniruhusu niingie kwangu."

Joyline akafikiri, akasahau kulia kidogo. "Hata mimi sina."

"Wewe huhitaji. Haya, kitendawili!"

"Tega!"

"Wageni wengi wanapiga hodi juu ya paa, ukiwakaribisha ndani, wanalia mpaka wanaisha."

Jiwe moja likaruka kizingiti, likabingirika mpaka karibu na kochi. Joyline akaliangalia likiyeyuka. "Mvua ya mawe!"

"Umepata. Tega na wewe."

"Nyumba yangu haina mlango!"

"Yai," Mzee akajibu. Na alipofikiria yai akafikiria kuku, na alipofikiria kuku akajishika kichwa.

"Mzee, unaumia kichwa?"

"Kidogo." Mawe yalikuwa yakimpiga utosini, maana lile paa alilolipigilia misumari mwenyewe alikuwa amelikata fupi kuokoa mabati. Joyline akavuta kitambaa cha kochi, kile cheupe cha kufuma ambacho Benta huwatolea wageni wa harusi, akakikunja, akakirusha mlangoni. Mzee akakivaa kichwani juu ya kofia. Wakaendelea na vitendawili, mmoja ndani, mmoja nje, mpaka vya Mzee vikaisha ikabidi aanze kutunga.

*

Kule stoo ya kanisa simu ya Jeruto ililia.

"Madam, habari ya saa hii," mwanamke akasema. "Mimi ni Mama Joyline. Mmeniletea Dennis."

"Dennis?"

"Dennis. Nimefungua makoti matatu, wawili ni wangu, wa tatu ni Dennis. Anasema alitaka tu lifti. Amekula ugali, ameongezwa, hana shida. Shida ni yangu. Joyline wangu ako wapi?"

Watu watatu wakatoka mbio kwenye mawe. Mulongo na goti lake alikuwa mbele, Jeruto na faili kichwani, Benta nyuma akiomba Mungu kwa lugha mbili. Walipofika getini, mawe yalikuwa yamegeuka mvua ya kawaida, na Purity alikuwa amefunua nailoni, amesimama katikati ya barabara akiangalia upande wa mlango.

"Mzee Javan! Umeokoka ama umeolewa?"

Mzee alikuwa amesimama nje ya mlango wake, amelowa mpaka mifupa, kitambaa cheupe kichwani, akibishana na mtu wa ndani kama kobe hubeba nyumba au nyumba hubeba kobe.

Benta akampita, akamnyakua Joyline. Jeruto akasimama mbele ya Mzee, maji yakimtiririka puani.

"Mzee. Umekuwa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu jiwe la kwanza."

"Kwa nini hukuingia?"

"Tulikuwa wawili tu."

Akafungua ngumi. Ndani kulikuwa na punje ya mahindi, imevimba kwa maji. "Rejista yako ilisema wote wameenda," akasema. "Hii ilikataa."

Hiyo ndiyo saa aliyoingoja Jumamosi tatu. Maneno yake alikuwa ameyapanga, makali yote, na Purity alikuwa hapo kuyasikia. Lakini akaona yule msichana amefungua rejista, anaisugua alama ya Joyline kwa kidole kana kwamba itafutika. Mzee akafunga ngumi.

"Ingia, unyeshewe ukiwa umekaa," akamwambia.

*

Odera alimrudisha Dennis, Mama Joyline akaja kumchukua mtoto wake, akawatukana wote kwa usawa, akanywa chai, akaenda. Ndipo Jeruto akakaa mezani, akatoa karatasi kavu kutoka katikati ya faili, akaanza kuandika.

"Unaandika nini?" Benta akauliza.

"Ripoti, Mama. Ya leo."

"Wacha hiyo. Mtoto amepatikana, hana hata mkwaruzo. Ukiandika hiyo kitu watakufuta kazi."

"Andika ni mvua," Mulongo akashauri. "Mvua haina mama wa kuilalamikia."

"Ni mimi," Jeruto akasema. Akasoma alichoandika, pole pole: "Nilitia alama kwa mtoto ambaye sikumwona uso." Akaweka jina lake chini. Herufi zilikuwa zimepinda, lakini zilisomeka.

Mulongo akajikuna goti. "Basi weka na mimi," akasema. "Mimi ndiye niliita watatu bila kuangalia. Mulongo. Usisahau kuandika kocha."

Mzee Javan alikuwa kwenye kiti chake, kilichorudishwa ndani, miguu kwenye karai la maji moto. Aliliangalia jina la Jeruto pale mezani. Kisha akainuka na miguu yake mitupu, akaenda kwenye kabati, akatoa kitu kidogo kama kibiriti, akakikunjua.

"Nasikia geti linahitaji mtu wa kuhesabu," akasema.

"Linahitaji, Mzee. Nilikuwa nitakuomba. Lakini..."

"Lakini fomu. Soma wewe. Miwani imelowa."

Miwani ilikuwa kavu, juu ya kichwa. Hakuna aliyemwambia. Jeruto akachukua kalamu, akapita majibu yaliyokuwa yameandikwa, akafika la tisa.

"Umewahi kukamatwa na polisi?"

"Hapana," Benta akajibu haraka, akikamua kitambaa chake cha kochi. "Andika hapana, tuendelee."

Jeruto akainua kalamu. "Kukamatwa peke yake hakumzuii mtu, Mzee. Ni kwa nini, na kama amesema."

"Andika ndiyo," Mzee Javan akasema.

Kitambaa kikaacha kukamuliwa. "Ndiyo nini?"

"Baiskeli haikuwa na taa," Mzee akamwambia Jeruto, kwa sababu kumwangalia Benta hakuweza. "Ilikuwa Ijumaa, giza linaingia. Polisi akaniuliza taa iko wapi. Ningeomba msamaha ningeenda. Mimi nikamwambia, hata mwezi leo hauna taa, ukamshike. Nikawekwa sero mpaka Jumatatu."

Jeruto akaandika. Mulongo alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika.

"Ijumaa gani?" Benta akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Unaijua."

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Kwenu, Benta." Hakuwa amemwita jina hilo tangu Eliakim azaliwe. "Nilikuwa naenda kwenu. Kuku na baiskeli vilibaki kwa polisi. Nikaona mchumba wa kutoka sero hatapewa mke, nikatafuta mto."

Benta akavuta kiti, akakaa. Maji yakadondoka kutoka kwenye kitambaa, tone kwa tone, kwenye saruji. Alipoinua uso hakuna aliyeweza kusema kama atalia au atampiga.

"Na mimi miaka arobaini na saba nakuuliza swali moja," akasema. "Hao kuku sita walienda. Baiskeli ikabaki. Kwa nini baiskeli ilibaki?"

Mzee Javan akarudisha miguu yake kwenye karai.

"Kwa sababu baiskeli hailiki," akasema.